Chongo, kengeza, kipofu au jicho moja: neno lipi liende wapi

Anayeandika habari, anayejaza fomu ya hospitali, anayetafsiri sinema na anayekagua mbuzi wa Idd hufika mahali pamoja. Mbele yake kuna kiumbe kinachoona kwa jicho moja, na hana budi kukitafutia jina. Maneno yaliyo karibu ni chongo, jicho moja, kengeza, kipofu, na lile la ofisini, ulemavu wa macho. Hayapokezani nafasi, hata kama mtaani tunayarusha ovyo.

Methali yetu ilishaliona jambo hili zamani: akipenda, chongo huita kengeza. Hunukuliwa kwenye harusi watu wakicheka, lakini ndani yake mna somo la msamiati. Anayeitoa anajua fika kwamba chongo na kengeza ni vitu viwili, kimoja kizito na kingine chepesi. Anajua pia kwamba mpenzi amelishika lile jepesi kwa makusudi. Kwa hiyo maswali ya kujiuliza ni mawili, na tunashauri yafuate mpangilio huu: kwanza, jicho lina nini hasa? Pili, unamwambia nani? Anayeanza na la pili huishia kuandika uongo wa heshima.

Chongo: pungufu la mawili

Chongo ni hali ya kubaki na jicho moja linaloona pale ambapo yalipaswa kuwa mawili. Uzito wa maana uko kwenye "yalipaswa". Gari likiungua taa moja ya mbele, abiria akisema, "Konda, gari lenu lina chongo," daladala nzima inaelewa. Bodaboda ina taa moja tangu kiwandani, na hakuna anayeiambia ina chongo. Haijapungukiwa na kitu.

Neno halijali jicho limepoteaje. Moshe Dayan, waziri wa ulinzi wa Israeli wakati wa vita vya 1967, alipoteza jicho la kushoto mwaka 1941, risasi ilipoipiga darubini aliyokuwa akiangalizia, na tangu hapo alivaa kitambaa cheusi. Horatio Nelson, amiri wa jeshi la majini la Uingereza, alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia mwaka 1794 kwenye mapigano ya Calvi, kisiwani Corsica, lakini jicho lenyewe lilibaki mahali pake. Kwa Kiswahili wote wawili wana chongo. Ukitaka kuonyesha tofauti yao, chongo peke yake halitoshi. Ongeza kitenzi: huyu jicho liliharibiwa na risasi, yule jicho lilipofuka. (Hadithi maarufu husema kwamba Nelson, kwenye mapigano ya Copenhagen mwaka 1801, aliiweka darubini kwenye jicho lile bovu ili asione ishara ya kumrudisha nyuma. Wengi huuhusisha na kisa hicho msemo wa Kiingereza "turn a blind eye", yaani kujifanya huoni. Mfasiri akikutana nao asihangaike na jicho bovu hata kidogo. Kwetu jambo hilo ni kulifumbia macho, na tunayafumba yote mawili.)

Chongo pia hudai kudumu. Mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akiwa na bandeji upande mmoja, hana chongo. Ana jicho lililofungwa, na kwa kawaida hufunguliwa kesho yake. Mwenye mtoto wa jicho upande mmoja ambaye hajatibiwa anaona kwa jicho moja, lakini lile jingine bado lina njia ya kurudi, kwa hiyo kumwandika chongo ni kumhukumu mapema. Aliyewekewa jicho la bandia, kwa upande mwingine, ana chongo kwa maana ya kuona ingawa anayemtazama anahesabu macho mawili. Mtu wa namna hii tusimtangazie. Kama habari haihitaji, usiandike chochote. Kama inahitaji, "ana jicho la bandia" linatosha na lina staha kuliko chongo.

Sasa sarufi, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Wanauliza kivumishi cha "kuwa na jicho moja" ni kipi, wakitarajia kitu mfano wa -zuri au -refu, kinachobeba kiambishi. Hakipo. Chongo ni nomino, na inamfikia mtu kwa njia nne: ana chongo, mwenye chongo, mtu wa chongo, au kwa kuwekwa ubavuni mwa jina bila kiungo, kama tunavyosema mtoto yatima au mbuzi dume, ndipo tunapata mbuzi chongo. Upatanisho hubebwa na -enye: mtu mwenye chongo, watu wenye chongo, jitu lenye chongo, sanamu yenye chongo, kikaragosi chenye chongo. Chongo lenyewe halibadiliki.

Likibadilishwa, balaa. Anayeongeza m- akidhani anafanya kama mzuri na mrefu anapata "mtu mchongo", na msomaji wa Dar es Salaam anacheka kabla hajamaliza sentensi. Mchongo ni kazi ya kuchonga, au mtaani ni dili, na kitu "cha mchongo" ni feki: daktari wa mchongo, mchumba wa mchongo. Ulitaka kusema babu haoni upande mmoja, umesema babu ni bandia. Wingi nao una mabishano yake. Wengine husema machongo, wengine huvutwa na ch- ya mwanzo wakajaribu vyongo, kama chombo na vyombo. Andika "wenye chongo" na ugomvi wote unakwisha, kwani hali haihesabiwi, wanaohesabiwa ni watu. Ukimtaja mtu mwenyewe kwa neno hili, upatanisho ni wa A-WA: chongo yule amefika. Ukiitaja hali, ni I-ZI: chongo yake aliipata utotoni.

Halafu kuna matongotongo, ule uchafu wa macho wa asubuhi. Tunalitaja kwa sababu tu linafanana kwa sauti na limewahi kumponza mwandishi mmoja mmoja. Hayana undugu wa maana.

"Ni chongo" na "ana chongo"

Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alipochapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, aliliandika neno hili kwenye orodha yake kwa sura ya "kuwa na chongo" na "mwenyi chongo". Zaidi ya miaka 150 baadaye, hiyo ndiyo bado sura salama. "Ana chongo" humweka mtu upande mmoja na hali yake upande mwingine, kama ana homa au ana mvi. "Ni chongo" humgeuza mtu mzima akawa jicho lake. Na "we chongo!" ni tusi, hata kwa aliyelizoea. Anayemwita mzee wa jirani kwa jina hilo akiwa mbali hataliweza akiwa mbele yake. Atasema "Mzee, shikamoo", na hapo ameshakiri mwenyewe kwamba neno lile halikuwa jina.

Lakini tusivuke mpaka tukadai kwamba chongo ni neno chafu. Kwenye misikiti ya Dar es Salaam, hadithi mashuhuri ya Mtume kuhusu Dajali, yule mlaghai wa siku za mwisho, husomwa kwa maneno yaleyale: yeye ni chongo, na Mola wenu si chongo. Hapo "ni" imekaa mahali pake, kwani sifa hiyo ndiyo alama ya kumtambulia. Biblia ya Kiswahili ya Union Version nayo, Mathayo 18:9, inazungumzia kuingia uzimani "una chongo". Anayetaka kusafisha maandiko hayo aweke "mwenye changamoto ya uoni wa upande mmoja" ajaribu kwanza kulisoma kwa sauti mbele ya watu.

Wakubwa wa historia nao wana majina ya namna hii. Antigonus, mmoja wa majemadari wa Aleksanda Mkuu, aliitwa na Wagiriki Monophthalmos. Kiswahili kina mtindo wake wa lakabu, jina kisha nomino tupu, bila "mwenye" wala "wa": Fulani Kipara, Fulani Chongo. Kwa hiyo Antigonus Chongo ni tafsiri hai, na Antigonus Mwenye Jicho Moja ni tafsiri ya darasani. Sisi tungechagua ya kwanza kwenye simulizi na ya pili kwenye kitabu cha shule, ambako mwalimu hataki darasa zima liangue kicheko.

Ipo methali nyingine ya zamani, isiyopendwa siku hizi na kwa haki: chongo kwa Mnyamwezi, kwa Mswahili rehema ya Mungu. Jicho ni lilelile. Likiwa la mgeni linaitwa kwa jina lake kavu, likiwa la kwetu linakuwa rehema ya Mungu. Methali ina dharau ya watu wa pwani kwa watu wa bara, na hatushauri itumike kama pambo. Ila kwa mhariri ni kipimo kizuri. Ukikuta habari moja imemwandika mtuhumiwa "chongo" na mfadhili "mwenye ulemavu wa jicho", rudi uisome tena. Aliyepotoka ni mwandishi, si msamiati.

Jicho moja: neno lisilo na doa, wala ladha

"Mwenye jicho moja" halimuudhi mtu, na ndiyo sababu ofisi zinalipenda. Kasoro yake ni kwamba linahesabu tu. Halisemi kama jicho lilipotea au halikuwepo, wala kama lililobaki linaona.

Faida yake inaonekana kwenye viumbe na vitu vilivyoumbwa hivyo. Polifemo, jitu la hadithi za Kigiriki lililowafungia Odiseo na wenzake pangoni, lilikuwa na jicho moja katikati ya paji. Hilo ni jitu lenye jicho moja. Ukiliita chongo umelipa jicho la pili ambalo halikuwa nalo. Darubini ya kutazamia kwa upande mmoja ni darubini ya jicho moja. Kwenye vibanda vya video tumesikia jitu kama hilo likiitwa chongo na maharamia wakiitwa "wa jicho moja", na kwa kweli ingefaa iwe kinyume. Haramia alikuwa na mawili akapoteza moja baharini. Huyo ndiye mwenye chongo.

Kwenye wingi kuna mtego. "Wazee wawili wenye jicho moja" inaweza kusomwa kana kwamba wanashirikiana jicho lenyewe. Kiswahili hurudia neno ili kugawa: wazee wawili wenye jicho moja moja. Katika hadithi hizohizo za Kigiriki wapo dada watatu wazee waliokuwa kweli na jicho moja kwa wote, wakipokezana mkononi, hadi Perseo akalinyakua lilipokuwa njiani. Ni wao tu wanaostahili "wenye jicho moja" bila kurudia. Kwa wanadamu wengine, ama urudie, ama uandike "wenye chongo", ambalo halina utata huo.

Kengeza: macho yapo, njia ndiyo zimeachana

Kengeza, au makengeza kama wengi wanavyosema, ni macho mawili yasiyoelekea mahali pamoja. Moja linakutazama, jingine limeelekea puani, nje, juu au chini. Yote yapo. Mara nyingi yote yanaona. Kumwita mwenye kengeza chongo ni kumwondolea jicho alilo nalo, na kumwita mwenye chongo kengeza ni kile cha kwenye methali, mapenzi.

Ila madaktari wa macho wangeigeuza methali ile kichwa chini, maana kengeza lililopuuzwa huzaa chongo. Hutokea hivi. Ubongo wa mtoto hupokea picha mbili zisizolingana. Ili asione kila kitu mara mbili, ubongo huizima picha ya jicho lililopinda. Likizimwa hivyo mwaka baada ya mwaka, jicho hilo halijifunzi kuona. Ukilimulika ni safi, halina jeraha wala doa, lakini ukiliziba lile zuri mtoto anapapasa. Watu wa nyumbani walisema, "Ana kengeza tu, ataacha akikua." Hakuacha, na sasa anaona kwa jicho moja.

Mtoto mchanga anaweza kupotosha macho mara kwa mara, na hilo ni la kawaida. Akivuka miezi mitatu au minne bado macho yanaachana, apelekwe apimwe. Dar es Salaam huduma hizo zipo Muhimbili na CCBRT, Msasani. Tiba huanza kwa kutafuta sababu. Huenda ni miwani tu inayohitajika. Jicho lililozembea hufanyishwa kazi kwa kuliziba lile zima kwa saa kadhaa kila siku, kwa majuma au miezi, na hapa ndipo wazazi wengi hushindwa: mtoto analia, anakibandua kibandiko, bibi anamwonea huruma, zoezi linakufa. Tiba hii huzaa matunda zaidi kabla ya miaka saba au minane. Upasuaji wa misuli hunyoosha macho, lakini kunyooka si kuona. Jicho lililokwisha kuzimwa halirudi kwa sababu tu limewekwa sawa. Na ukimulika macho ya mtoto ukaona weupe unaong'aa ndani ya mboni, au picha ya simu ikaonyesha jicho moja limeng'aa jeupe, usisubiri hata wiki. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya jicho.

Mtu mzima ambaye macho yalikuwa sawa akapata kengeza ghafla na kuona vitu viwili viwili, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kipofu, asiyeona, mwenye uoni hafifu

Chongo si upofu wa nusu. Shirika la Afya Duniani hupima uoni kwa jicho lililo bora. Uoni wa chini ya 3/60 kwa jicho hilo ndio upofu, yaani mtu anahitaji kusogea mita 3 kuona kile ambacho mwenye macho mazuri anakiona akiwa mita 60. Kati ya hapo na 6/18 ndipo penye uoni hafifu wa ngazi mbalimbali. Mwenye chongo ambaye jicho lake zima linasoma 6/6 hayumo kwenye kundi lolote kati ya hayo. Ndiyo maana "mwenye uoni hafifu", linalosikika la kistaarabu, kwake ni kosa. Ni neno la watu ambao macho yote mawili yana nguvu ndogo, kama wengi wenye ualbino.

Anachopoteza mwenye chongo ni kingine. Kwa macho mawili tunaona upana wa takribani nyuzi 180 au zaidi. Kwa moja hubaki kama 150 hivi, na upande wa jicho lililokufa pua ndiyo mpaka. Kinachopungua pia ni kupima umbali wa karibu. Mtazame aliyepoteza jicho hivi karibuni akimimina chai: mdomo wa birika unapita kando ya kikombe, chai inaingia kwenye kisahani. Baada ya muda hujifunza kugusisha birika kwenye ukingo wa kikombe kwanza, kisha ndipo amimine, na mgeni hagundui kitu. Ukitembea naye Kariakoo, kaa upande asioona. Bodaboda zinazochomoza upande huo ndizo za kuogopa.

Kwa asiyeona kabisa, neno kipofu bado ni la kawaida, na halina ugumu kwenye sarufi mradi ulipatanishe kama mtu: kipofu amefika, vipofu wamefika. Wenyewe, kwenye jina la chama chao, walichagua wasioona: Chama cha Wasioona Tanzania. Tunafuata wao. "Kipofu wa jicho moja" linasikika mtaani na linaeleweka, ila neno kipofu ndilo linaloingia sikioni kwanza, na habari ikifupishwa kuwa kichwa cha mstari mmoja, "wa jicho moja" ndilo litakalokatwa. Afadhali "amepofuka jicho la kulia". Kitenzi kimebeba ukweli wote na hakimbatizi mtu.

Zipo pia nathari na hotuba zinazosema kwenye nchi ya vipofu mwenye chongo ni mfalme. Msemo huu ni mgeni aliyeota mizizi. Erasmus aliuchapa kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 16. Unafaa kwa kejeli ya siasa. Usiutumie kwenye habari inayohusu wasioona wenyewe. Kila mwaka kuna mtu huutumia hapo akidhani anapamba.

Ofisini

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ndiyo iliyoimarisha mtindo wa "mtu mwenye ulemavu" badala ya kilema na mlemavu. Kwa barua, hotuba na takwimu, fuata huo. Lakini "ulemavu wa macho" ni mwavuli mpana mno ukiwa unaeleza jeraha la mtu mmoja. Fomu ya polisi ya matibabu, PF3, au madai ya fidia ya kazini hayataki heshima kwanza, yanataka habari: jicho lipi, limepatwa na nini, lini, na lililobaki linaona kiasi gani. Chongo halijibu hata moja kati ya hayo, na "ulemavu wa macho" linajibu kidogo zaidi ya sifuri. Sentensi ya kuandika ni ya aina hii: "Jicho la kushoto limepasuka kwa kipande cha chuma na halioni mwanga, jicho la kulia 6/9." Maneno ya adabu yawekwe kwenye barua ya kusindikizia.

Tuonyeshe mifano michache ya sentensi za kawaida na tungezifanyaje. "Mtuhumiwa ni chongo mwenye umri wa miaka 40": kama polisi wanamtafuta, alama hiyo inahitajika, andika "haoni kwa jicho la kulia", kwani anayemtafuta anahitaji kujua upande. Kama ameshakamatwa, futa kabisa. "Msichana mwenye kengeza apata ufadhili baada ya kupoteza jicho": mwandishi amekwepa chongo kwa huruma akazua ugonjwa mwingine. Andika "aliyepoteza jicho". "Walemavu wa macho wawili waongoza darasa": haijulikani ni watu wawili au macho mawili. Andika "wanafunzi wawili wasioona". "Bibi yule mwenye chongo alilitazama jahazi hadi likamezwa na upeo": iache. Ni simulizi, neno ni sahihi, na bibi amepewa kazi ya kutazama badala ya kuonewa huruma.

Mnadani

Mahali ambapo tofauti ya maneno haya ina bei ni kwenye mbuzi na ng'ombe wa udhhiya, yaani wa kuchinjwa kwa ibada, kuelekea Idd el-Hajj. Hadithi ya Mtume inayofuatwa inataja wanyama wanne wasiofaa: mwenye chongo iliyo bayana, mgonjwa ambaye ugonjwa wake ni bayana, anayechechemea bayana, na aliyekonda hadi hana uboho mifupani. Neno "bayana" ndilo la kushikilia. Mnyama mwenye doa dogo jeupe kwenye jicho lakini anaona hajafika huko, na mwenye jicho lililozama, lililotoka au lililofunikwa na utando mzima amefika.

Muuzaji wa Pugu akikwambia, "Jicho lina ukungu kidogo tu, bosi," usibishane naye juu ya neno. Pima. Simama upande wa jicho lenye shaka, lete kiganja taratibu karibu na jicho bila kugusa na bila kupuliza upepo, kwani upepo utamfanya apepese hata asipoona. Anayeona atapepesa au atarudisha kichwa. Kisha mwambie kijana ampitishe karibu na kamba au ndoo upande huo. Mbuzi ana macho ya pembeni, kwa hiyo akipoteza moja anapoteza karibu nusu ya anachokiona, na atagonga, au atatembea kichwa kimegeuzwa ili jicho zima liongoze. Angalia pia kama ni machozi na uvimbe wa siku chache. Ugonjwa wa macho mekundu hupona mara nyingi, lakini huwezi kununua ukitegemea kupona kabla ya sikukuu. Na ukimpigia sheikh simu kuuliza, usimwambie mbuzi "ana shida ya jicho moja", atakurudishia maswali kumi. Mwambie kama ana chongo bayana au ana doa na anaona.